Vumi Limechanika: Tuchangie Ngoma ya Mtaa

Assalaam alaykum. Tumsifu Yesu Kristo. Ndugu zetu wa Bagamoyo, mlio nyumbani na mlio mbali:

Mwezi uliopita vumi letu, ile ngoma kubwa ya sauti nzito, lilichanika katikati ya mdundiko, ngoma yetu ya kupita mtaani. Stoo tuliyoazimwa inavuja, ngozi ilikuwa imeshika unyevu tangu masika, na mpigaji alipokazana ikaachia kutoka ukingoni. Ngoma haikusimama. Mama mmoja alitoa debe, watoto wakapiga makofi, msafara ukafika hadi karibu na soko la samaki. Lakini debe halina ule mvumo unaoingia tumboni, na miguu yetu ilijua.

Ngoma za kutazama Bagamoyo tunazo. Chuo cha Sanaa, ambacho leo ni TaSUBa (Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo), kipo tangu 1981, na tamasha lake huleta vikundi kutoka mbali. Tunajivunia. Sisi tunahangaikia ile isiyo na jukwaa. Mdundiko wa Wazaramo hupita mtaani. Anayeusikia hutoka ndani, hufuata, na akishafuata amekuwa mchezaji. Hauna kiingilio wala kabila.

Kuna kijana mvuvi aliyehamia kwetu kutoka Kilwa. Jumamosi mbili alikaa juu ya tofali pembeni mwa uwanja, mikono magotini. Ya tatu, bibi yetu mmoja akamfunga kanga kiunoni hata kabla ya kumuuliza jina. Alianza kwa kukosea, bega linatangulia mguu. Kufika magharibi anaitikia wimbo. Mkewe alipojifungua, wanawake wa ngoma hiyohiyo ndio waliomchemshia maji na kumpikia uji. Miezi yote ya nyuma tulikuwa tunamsalimia tu njiani.

Tunahitaji vumi jipya, kuwamba upya vyapuo viwili, zile ngoma ndogo, na mabati ya stoo, vinginevyo masika ijayo tutarudi palepale. Jumla ni shilingi 780,000. Mkononi tuna 215,000, nyingi zikiwa mia tano mia tano za mama wauza samaki.

Mcheza kwao hutunzwa. Aliye mbali atutunze kwa simu kupitia kwa mhazini, ambaye wazee wa mtaa wote wanamfahamu. Aliye karibu alete alichonacho. Hata ngozi ya mbuzi iliyokaushwa vizuri tutaipokea kwa mikono miwili. Kila mchango utasomwa uwanjani, mbele ya watu, na risiti za fundi zitaonyeshwa.

Vumi jipya litapigwa Jumamosi ya kwanza baada ya fundi kulikabidhi, mara tu baada ya Alasiri. Kabla ya kuanza, mzee wetu atalisogeza kwenye moto wa makuti, agonge kwa kidole, ainamishe sikio, agonge tena, mpaka ngozi ijibu. Fika mapema umwone. Na uje na kanga au msuli, maana hatutakuacha ukae juu ya tofali.