Yah: Malalamiko kuhusu safari ya Paris, Amsterdam na Roma, Juni 2025

Meneja,
Ofisi ya Wakala wa Safari,
Dar es Salaam.

2 Julai 2025

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi na mke wangu tulisafiri mwezi uliopita kwa kifurushi chenu cha wanandoa. Nakuandikia kwa sababu ratiba mliyotuuzia ilitupeleka kwenye milango ya makumbusho iliyofungwa, na haikufungwa kwa mgomo wala kwa dharura. Ilifungwa kwa utaratibu wa kila wiki ambao mtu yeyote ofisini kwenu angeuona kwenye tovuti za makumbusho hayo.

Ukurasa wa pili wa ratiba umeandikwa: Jumanne, 10 Juni, Makumbusho ya Louvre, kiingilio kimelipwa. Louvre haifunguliwi Jumanne. Tulifika saa tatu asubuhi tukakuta uwanja wa ile piramidi ya vioo una watu wanaopiga picha tu, na mlinzi akatuonyesha kibao. Mwenyeji ambaye ratiba inasema angetukabidhi tiketi hapo hakutokea. Kesho yake asubuhi tulikuwa na treni ya Amsterdam, kwa hiyo Louvre ikawa imekwisha hivyo.

Hapa nina swali ambalo naomba ulijibu kwa maandishi. Louvre haiuzi tiketi ya siku ambayo imefunga. Sasa pesa mliyotutoza kwa ajili ya kiingilio cha siku hiyo, na risiti yake ninayo, ilinunua nini?

Amsterdam mambo hayakuwa tofauti. Mke wangu anafundisha historia sekondari, na jambo aliloomba mapema kuliko yote, mbele ya ofisa wenu wa mauzo, ni kuingia katika nyumba ya Prinsengracht 263 alimojificha Anne Frank, msichana wa Kiyahudi mwandishi wa ile shajara, na familia yake wakiwakwepa Wanazi kuanzia Julai 1942 hadi walipokamatwa Agosti 1944. Ratiba ikasema tutanunua tiketi mlangoni. Mlangoni pale hapauzwi tiketi. Zinauzwa mtandaoni tu, kila Jumanne, kwa ziara za wiki sita mbele, na msimu wa kiangazi huisha haraka. Tulikuwa tumeshawalipa muda mrefu kabla ya hizo wiki sita. Angeambiwa tu, angekaa na simu yake Jumanne hiyo akanunua mwenyewe.

Lakini kilichotuumiza zaidi ni Roma. Jumapili, 15 Juni, mlituandikia Makumbusho ya Vatikani na Kanisa la Sistina. Makumbusho hayo hufungwa Jumapili, isipokuwa Jumapili ya mwisho wa mwezi, na ile haikuwa ya mwisho. Tulitembea kando ya ule ukuta mrefu hadi lango la Viale Vaticano, mke wangu akiwa amejitanda mtandio mabegani kama wanavyotaka mavazi ya heshima, tukakuta lango limefungwa. Nilipiga namba yenu ya dharura mara kadhaa. Majira haya Dar na Roma zinapishana saa moja tu, kwa hiyo hamkuwa mmelala. Jibu lilikuja jioni kwa WhatsApp: “Poleni sana, jaribuni kesho.” Kesho yake asubuhi, kwa ratiba yenu wenyewe, tulikuwa Fiumicino tunapanda ndege ya kurudi nyumbani. Dari ya Sistina aliyoichora Michelangelo kati ya 1508 na 1512, ambayo mke wangu amekuwa akiwasimulia wanafunzi wake kwa miaka, aliikosa akiwa hatua chache kutoka hapo.

Tafadhali usiniambie kwamba tutaiona safari nyingine. Anayeishi Ulaya akikuta makumbusho yamefungwa, anarudi wiki inayofuata. Sisi tulipeleka taarifa za benki, barua za waajiri, bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000 na alama za vidole, tukalipa euro 90 kila mmoja kwa viza, na pesa hiyo hairudi hata ukinyimwa. Akiba yenyewe tuliiweka kidogo kidogo kutoka kwenye mishahara ya watumishi wawili. Ninyi mnaijua hali hiyo kuliko mtu mwingine yeyote, kwa kuwa ndiyo biashara yenu, na kusema haki, suala la viza mlilishughulikia vizuri. Ndiyo maana tuliwaamini kwenye yaliyobaki.

Kuna pia suala la hoteli. Mlituuzia “hoteli ya Paris”. Tulilazwa Roissy, jirani na uwanja wa ndege wa Charles de Gaulle, kama kilomita 25 kutoka mjini. Tiketi ya treni ya RER B kutoka uwanjani hadi mjini ilikuwa euro 13 kwa mtu mmoja, kwenda tu. Kwenda na kurudi, watu wawili, ilikuwa euro 52 kwa siku, kabla hujanunua hata maji ya kunywa. Hoteli ilikuwa safi na wahudumu wake waungwana, ila si Paris, na bei tuliyolipa ilikuwa ya Paris.

Tunadai mturudishie viingilio vyote vya Louvre na Vatikani, nauli za treni za kutoka Roissy, na tofauti ya bei kati ya hoteli mliyoitangaza na mliyotulaza. Nakala za risiti na ratiba yenye muhuri wenu nimeziambatisha. Tunaomba jibu la maandishi ndani ya siku 14. Tusipolipata, tutawasilisha malalamiko haya Tume ya Ushindani, kwa kuwa Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu huduma anayouziwa.

Jingine halihusu pesa yetu. Jana nimeona tangazo lenu la kifurushi hichohicho kwa watakaokwenda fungate Agosti, na Louvre bado imepangwa Jumanne. Rekebisheni ratiba hiyo leo, na wale waliokwisha kulipa wapigieni simu kabla hawajaondoka.

Mteja wenu,
kwa niaba yangu na mke wangu,
Dar es Salaam.