Mheshimiwa Waziri, faili langu lina miezi 16 kwenu, nijibuni hata kama ni hapana

Dar es Salaam, 21 Mei 2025

Mheshimiwa Waziri,

Shikamoo. Pole na majukumu, na mwaka wenyewe ndo huu wa uchaguzi najua safari za majimboni haziishi. Jina lako sijaliandika hapa wala jina la wizara, sio kwa woga, ni kwa sababu faili langu la kuomba barua moja ya serikali, niweze kuungana na mume wangu Marekani, bado liko kwenu na mtu hamtukani mamba kabla hajavuka mto. Ila wewe utajijua, na yule kijana wa masjala naye atajijua. Barua za kawaida nimeshawaandikia nne, zote zina muhuri wa kupokelewa, wino mzuri kabisa wa bluu. Hii ya tano ndo naandika hadharani maana sina tena mahali pa kugongewa muhuri.

Jumanne ya tarehe 13 mwezi huu nilidamka nikapanda treni ya SGR kuja Dodoma, mtoto kifuani, begi la nepi begani, nauli 31,000 kwenda na 31,000 kurudi, na hapo sijaweka boda mpaka Mtumba kwenye ofisi zenu. Ilikuwa safari yangu ya tano. Kijana akatafuta kwenye kompyuta akasema faili halionekani kwenye mfumo, nikamwonyesha nakala yangu yenye namba ya faili kwa mwandiko wake yeye mwenyewe, akaingia ndani akakaa nusu saa akatoka na soda mkononi, akasema faili lipo ila lipo kwa bosi, na bosi yuko safari. Nikauliza kwa upole, nani anakaimu? Ndo akaniangalia mimi, akamwangalia mtoto, akaziangalia nywele za mtoto, akasema, "Dada, kwani wanaume wa hapa waliisha?" Wenzake wakacheka. Na mimi nikacheka, Mheshimiwa, na hilo ndo linaniuma mpaka leo, nilicheka kwa sababu nilikuwa nalihitaji faili.

Sasa naomba nikueleze jambo lenyewe, maana siamini kama limewahi kukufikia. Ningeamini limekufikia ningekuwa na hasira zaidi ya hizi.

Mwaka 2021 nilienda Marekani kwa viza ya J-1, ile ya kubadilishana wataalamu na wanafunzi, mtafiti wa udongo, nimeajiriwa na taasisi ya umma hapa nchini. Serikali yangu, yaani ninyi, mlinilipia tiketi na posho ya miezi ya mwanzo, na nawashukuru, sijasahau. Kwenye ile karatasi ya J-1 inayoitwa DS-2019, chini kushoto, pana kisehemu ambacho ofisa wa viza anaweka alama kwamba huyu anabanwa na kifungu cha 212(e) cha sheria yao ya uhamiaji. Mimi niliiona ile alama nikasaini zangu nikaenda. Nilikuwa na miaka 29, kichwani nina udongo tu.

Kifungu chenyewe kinasema hivi kwa lugha ya kwetu: ukija kwa J-1 na hela ikatoka serikali ya Marekani au serikali ya kwenu, au fani yako ipo kwenye orodha ya fani ambazo nchi yako inazihitaji, au wewe ni daktari uliyekwenda kujifunzia hospitali za kule, basi ukimaliza unarudi nyumbani ukae jumla ya miaka miwili kwanza. Kabla ya hapo hupati grinkadi, yaani ukaazi wa kudumu, hupati viza za kazi za H wala L, hata ile K ya wachumba hupati. Na ndoa haifuti. Hili watu hawaliamini kabisa, shangazi zangu wote wananiambia si umeolewa na Mmarekani, karatasi si unapewa tu? Hapana shangazi. Niliolewa 2023, mahakamani, mashahidi wawili na keki ya kununua, na mume wangu akaniombea kama mke wake kwa fomu ya I-130 na ombi likapitishwa vizuri, lakini bila weva, yaani kusamehewa ile miaka miwili, au bila siku 730 za kukaa Tanzania lile ombi ni karatasi ya kufungia maandazi.

Na sheria yenyewe siilaumu sana. Nia yake mtu asisomeshwe halafu apotelee huko, arudi na ujuzi. Mimi nimerudi! Juni 14 mwaka jana nilitua hapa na mimba ya miezi miwili na kitu, nikaripoti kazini, na mpaka leo niko maabara ambayo mashine ya kupimia naitrojeni imefunikwa kitambaa cha meza kwa sababu kipuri hakijaja. Ujuzi nimekuja nao, upo, umekaa pembeni ya kitambaa unasubiri kipuri.

Wakili wa kule alituwekea milango yote mezani, mmoja mmoja, na kila mmoja alikuwa anaufungua halafu anaufunga. Kuna weva ya daktari anayekubali kufanya kazi sehemu zenye uhaba wa madaktari, nafasi 30 kwa kila jimbo kwa mwaka, mimi sio daktari. Kuna ya anayeogopa kuteswa nyumbani, mimi nyumbani nateswa na foleni tu. Kuna ya kuombewa na idara ya serikali ya Marekani inayosema inakuhitaji, hakuna idara inayohitaji udongo wa Morogoro. Kuna ya shida kubwa isiyo ya kawaida kwa mume au mtoto ambaye ni raia wao, hiyo inabidi uthibitishe pande zote mbili, kwamba wakikufuata Tanzania wataumia na wakibaki bila wewe wataumia pia, na kutengana peke yake hawahesabu, wanasema kutengana ndo kawaida ya sheria yenyewe. Ukabaki mlango mmoja ambao wakili aliuita mwepesi kuliko yote, akacheka kabisa, akasema hii ya kwenu ni barua moja tu.

Barua moja, Mheshimiwa. Barua ya serikali ya Tanzania kusema haina pingamizi mimi kutokurudi kukaa ile miaka miwili, na haina pingamizi nikiomba ukaazi kule. Jina langu, tarehe ya kuzaliwa, namba ya kesi, sahihi, basi. Haiagizi hela, haihitaji bajeti, haipiti bungeni. Mimi siruhusiwi kuibeba mwenyewe, lazima itoke serikalini, ama kwa ubalozi wetu Washington, ama wizara iliyoteuliwa iipeleke kwa ubalozi wa Marekani hapa hapa Dar, pale Msasani barabara ya Old Bagamoyo, ambapo boda kutoka katikati ya mji haifiki hata elfu kumi na mimi nipo tayari kuilipia. Fomu ya kuomba weva, DS-3035, nilijaza, dola 120 nililipa, hela ya hapa ni zaidi ya laki tatu, namba ya kesi ninayo. Wamarekani wanasubiri barua. Ubalozi wetu wanasubiri idhini yenu. Ninyi mnasubiri nini?

Ombi limefika kwenu Januari 2024, nikiwa bado kule, kwa hiyo barua ingetoka mapema nisingefika hata kuanza kuhesabu zile siku 730. Pale mapokezi kwenu ukutani kuna mkataba wa huduma kwa mteja, una fremu ya dhahabu, unasema maombi ya namna hii yatajibiwa ndani ya siku 14. Nimeusoma mara nyingi kuliko aliyeuandika maana benchi linautazama. Na wewe mwenyewe kwenye kile kikao cha mtandaoni na Watanzania wa nje ulisema, nilikuwepo, nilikuwa nakula wali mbele ya kamera imezimwa, ulisema "diaspora ni watoto wetu, hakuna faili litakalolala". Sasa langu sijui tuseme limezimia.

Nimejaribu kukisia. Labda mnaogopa kupoteza wataalamu, sawa, lakini mwajiri wangu ameandika barua kwamba hana pingamizi na sidaiwi, ipo kwenye faili, ukurasa wa 7. Labda hakuna anayejua ni wizara ipi inatakiwa isaini, maana mwaka jana mlinituma wizara nyingine, wale wakanirudisha kwenu, mkanirudisha kwao, nikawa kama mpira wa kona. Labda aliyekuwa nalo kahamishwa na kaondoka na funguo ya kabati. Au labda kuna kitu natakiwa nielewe bila kuambiwa, na bango la rushwa ni adui wa haki liko pale pale juu ya dirisha, basi nabaki nalisoma na sielewi. Kama ni hilo Mheshimiwa, sielewi na sitaelewa.

Wapo wanaosema mume aje huku yaishe. Ameshakuja mara mbili. Mmarekani analipa dola 100 za viza, inadumu mwaka lakini kila akiingia mwisho siku 90, na likizo yake kazini haifiki hata nusu ya hizo. Akitaka kukaa anakuwa tegemezi wangu, na kufanya kazi ni kibali kingine. Na hapa ndo panachekesha: sheria yetu ya uraia ya 1995 inamruhusu mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mtanzania aombe uraia kwa njia ya ndoa, lakini mume wa kigeni wa mwanamke wa Kitanzania hana njia hiyo. Majirani zetu Kenya katiba yao ya 2010 inasema aliyeoana na Mkenya, awe mke awe mume, ndoa ikifika miaka saba anaweza kuomba. Sisi mwanamke ukioa, samahani, ukiolewa nje, mumeo kwa ndoa peke yake anabaki mgeni mpaka mnazeeka. Kwa hiyo Wamarekani wananiambia kaa kwenu, na kwetu wanamwambia mume wangu wewe sio wa hapa, sasa tukutane wapi? Angani?

Na tulijaribu hata hilo. Machi alipata semina ya kikazi Nairobi, siku nne, akasema panda basi uje na mtoto. Nikapiga hesabu, siku zinazohesabiwa ni zile unazokuwa ndani ya Tanzania tu, kwa hiyo siku nne za kulala na mume wangu Nairobi ni siku nne zinasogezwa mbele. Sikwenda. Nilimwambia mtoto ana mafua. Hakuwa na mafua. Viza ya matembezi ya Marekani kifungu hakinikatazi kuiomba, lakini ofisa yeyote akiniuliza mumeo yuko wapi nikasema yupo kwenu, ataamini nitarudi?

Mtoto alizaliwa Januari. Baba yake alifika, alikaa wiki tano, alimwogesha kwenye beseni la bluu, akaondoka. Mtoto ana pasipoti ya Marekani kwa sababu ya baba yake, ana miezi minne, hana jino hata moja, na kesho asubuhi anaweza kupanda ndege akaingia kule bila kuulizwa swali. Mama yake anayemnyonyesha hawezi. Juzi amejigeuza mwenyewe kifudifudi mara ya kwanza, nikawahi simu nimpigie baba yake, kule ilikuwa usiku wa manane, simu ikaita mpaka ikakata.

Leo ni siku yangu ya 341. Nahesabu kwenye kalenda ya duka la dawa, naweka eksi kwa kalamu nyekundu. Zimebaki 389. Kwa mwendo wenu nitamaliza siku zote 730 kwa miguu yangu kabla hamjasaini, na hapo barua yenu itakuwa haina kazi tena, mtaweza kuifungia fremu muiweke karibu na ule mkataba wa huduma.

Ndo maana sasa ombi langu limepungua. Januari mwaka jana niliomba barua. Agosti niliomba barua na samahani kwa usumbufu. Novemba nikiwa na mimba ya miezi saba niliomba kiti. Leo naomba jibu tu. Kama ni ndiyo, sainini. Kama ni hapana, niandikieni hapana, kwa karatasi, na muhuri, sitawaandama, sitaenda kwa waandishi wa habari, nitarudi kwenye kalenda yangu. Hapana inanisaidia, Mheshimiwa, usidhani hainisaidii. Nikiwa na hapana mkononi namwambia mume wangu asilipie tena ile nyumba ya vyumba viwili anayoishikilia kwa ajili yetu, achukue chumba kimoja, hela itakayobaki iwe nauli yake. Namwambia wakili aanze ule mlango mgumu wa shida kubwa. Najua nisafiri lini nisisafiri lini. Ila hili la "iko kwa bosi" halina kitu naweza kupanga juu yake, sio ndiyo sio hapana, ni kama kupikiwa chai na mtu ambaye hajawasha jiko.

Na yule kijana naomba asifukuzwe, sijaandika kwa ajili hiyo, ana ndugu zake wanamtegemea. Aambiwe tu kwamba wanaume wa hapa hawajaisha.

Namba yangu ya simu mnayo, mmeiandika mara nne kwenye daftari la wageni. Jumanne ijayo tarehe 27 nitapanda treni ya asubuhi tena, nimeshakata tiketi. Nitakuwa kwenye benchi lile lile, mwenye kitenge cha kijani na mtoto mwenye zile nywele. Naomba bosi awe amerudi safari.

Ni mimi,
mwenye faili,
Tabata.