BARUA YA WAZI KWA MHESHIMIWA GAVANA WA MASSACHUSETTS: MSAFISHENI JINA MAMA MARGARET JONES

Mheshimiwa Gavana, pamoja na wabunge wako,

Salamu na heshima zangu zikufikie. Mimi ni mama wa Kisukuma, naishi jimboni kwako, natunza wazee na kodi nalipa. Naandika Kiswahili ili na ndugu zangu wasome, ya Kiingereza mwanangu ataileta ofisini.

Hili jambo nimekaa nalo muda mrefu, ila wiki iliyopita nimepigiwa simu toka Mwanza, mama yangu mzazi, mkunga wa jadi, ameitwa mchawi na majirani kisa mtoto aliyemkanda kafariki kwa homa. Macho yake mekundu kwa moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe, na kwetu bibi kizee akiwa na macho mekundu hayo tu yametosha watu kuja na mapanga. Sasa analala kwa mdogo wangu mjini, nyumba na kuku kaviacha. Tangu siku ile silali, kazini nahesabu vidonge vya wazee mara mbili mbili naogopa kukosea, na mmoja wao akizidiwa usiku roho inanidunda, maana najua sasa inavyoanzaga.

Ndo maana namlilia Margaret Jones. Alikuwa mke wa mtu, mke wa Thomas Jones wa Charlestown, akitibu watu. Mlimnyonga Boston tarehe 15 Juni 1648, wa kwanza kunyongwa kwa uchawi Massachusetts, miaka 44 kabla ya zile kesi za uchawi za mji wa Salem za 1692. Gavana wa wakati ule, John Winthrop, kaandika mwenyewe makosa yake: kwamba akigusa mtu anatapika au anakuwa kiziwi, kwamba dawa zake ni vitu vya kawaida tu kama anisi lakini zina nguvu kupita kiasi, kwamba aliyezikataa akiambiwa hutapona kweli haponi. Alipokasirika mahakamani akawasema mashahidi, nayo ikawa kosa. Hata upepo ulioangusha miti Connecticut siku ya kifo chake kabebeshwa yeye. Mumewe akapanda meli ya kwenda Barbados, meli ikayumba bandarini, wakasema ni huyo mume wa mchawi, wakamkamata.

Siku ya kunyongwa Margaret, majirani walimfuata gerezani wakimbembeleza akiri, akasema uchawi hana. Kati yao alikuwepo mtoto wa miaka 12, John Hale. Huyo akakua akawa mchungaji wa mji wa Beverly, na 1692 akaziunga mkono kesi za Salem, mpaka mke wake mwenyewe alipotajwa kuwa mchawi ndo akageuka. Mheshimiwa, mpaka atajwe wa kwako?

Nakukumbusha mlichofanya. 1711 mlifuta hukumu za baadhi ya watu wa kesi za Salem na kulipa fidia. 2001 mkaongeza majina matano. 2022 mkamsafisha Elizabeth Johnson wa Andover, baada ya mwalimu na wanafunzi wake kuwapigania. Connecticut hapo jirani 2023 wamesafisha watu 12 kwa mpigo. Lakini sheria zenu zote hizo ni za watu wa 1692, Margaret hamkumgusa. Labda kwa sababu watalii wote wanaenda Salem, labda hakuacha wajukuu wa kugonga milango yenu, mimi sijui, ila mtu aliyetangulia kuuawa huwezi kumruka.

Siombi sanamu wala hela. Naomba karatasi moja yenye muhuri iseme Margaret Jones, mke wa Thomas, hakuwa mchawi. Moja tu. Msafisheni mama wa watu, Mheshimiwa. Siku mkiitoa nitaitafsiri niitume kwa mwenyekiti wa kijiji chetu aisome mkutanoni mbele ya wale majirani, na mama yangu akiwa amekaa hapo hapo.

Wako mtiifu,
Mama mtunza wazee