Risala ya Klabu ya Sayansi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonyesho ya Shule

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, daktari bingwa wa tiba ya mionzi. Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu, shikamooni.

Tunakushukuru, Mheshimiwa, kwa kuwaacha wagonjwa wako na kuja kwetu.

Mwaka huu klabu yetu imeshughulika na mada moja tu: chembe za nano, yaani chembe ndogo mno, zinazoonyesha saratani na papo hapo kusaidia kuitibu. Wenzetu walitucheka. Shule yenye darubini isiyo na lenzi, inasoma vitu ambavyo hata darubini nzima ya maabara haivioni!

Tulivutiwa na AGuIX, chembe zilizobuniwa Lyon, Ufaransa. Moja ina upana wa nanomita 5 hivi, na nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Unywele una unene wa kama nanomita 80,000. Ndani ya chembe hizo mna madini ya gadolini. Mgonjwa huchomwa sindano ya mshipa, na kwa kuwa mishipa ya damu ya uvimbe huvuja, chembe hupenya na kukaa humo. Kwenye picha ya MRI, yaani picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku, uvimbe unang'aa. Mionzi ikipigwa, gadolini hurusha elektroni zinazoharibu seli za saratani zilizo jirani. Madaktari wa Grenoble, Ufaransa, walizijaribu kwa wagonjwa 15 ambao saratani ilikuwa imesambaa hadi kwenye ubongo.

Mezani kwetu utaona mpira wa maji tulioutoboa kwa msumari. Tukipitisha maji yenye ulezi na maharage, ulezi unatokea matunduni, maharage yanapita moja kwa moja. Ndivyo chembe ndogo zinavyopenya kwenye mishipa ya uvimbe inayovuja. Mwanafunzi wa kidato cha pili alituuliza, "Chembe zikimaliza kazi zinatokea wapi?" Tulikaa kimya wiki nzima. Jibu ni kwamba kwa udogo wa chembe za AGuIX, figo huzichuja, zikatoka na mkojo.

Hatuzipambi, Mheshimiwa. Mapitio ya tafiti za chembe za nano za aina mbalimbali kwa wanyama, yaliyochapishwa 2016, yalionyesha kuwa kwa kawaida kiasi kilichofika kwenye uvimbe ni kama asilimia 0.7 tu ya dozi. Zilizobaki, hasa zile kubwa zisizochujwa na figo, huishia sana kwenye ini na bandama.

Changamoto yetu kubwa umeshaisikia: lenzi. Tunaomba pia utusaidie kupata ziara ya siku moja katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, tuione mashine ya mionzi kwa macho yetu. Nauli tumeanza kuchanga kwa kuuza karanga.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wanaklabu