Wameniambia nije nilivyo. Nivae nini kwenye usaili?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwanamume wa makamo, mhasibu kwa kazi. Mwisho wa mwezi huu nimeitwa kwenye usaili katika kampuni inayotengeneza programu za kompyuta na simu, na kinachoninyima usingizi si maswali watakayoniuliza. Hesabu nazijua. Ni nguo.

Baruapepe ya mwaliko ilikuwa fupi: saa, ghorofa, majina ya watakaonisaili, na chini kabisa mstari mmoja: "Sisi hatuvai suti, njoo ulivyo na ujisikie huru." Sasa Shangazi, mimi nilivyo ni suti. Tangu nianze kazi nimekuwa kwenye bima, mahali ambapo ukija bila tai watu wanakuuliza kama unaumwa. Kabati langu lina nguo za ofisini na nguo za kuoshea gari. Katikati hapana kitu.

Nikasema ngoja niwachungulie wenyewe wanavaaje. Kwenye tovuti yao wameweka picha za wafanyakazi. Kijana mmoja amevaa kaptura na kandambili, kakunja miguu juu ya kiti. Mwingine fulana iliyochuja hadi maandishi hayasomeki. Nikaanza kupata ahueni. Kisha nikamwona mama anayesimamia fedha, ambaye ndiye atakuwa bosi wangu nikipata: blauzi ya kola, blezi ya bluu iliyokolea, imemkaa sawasawa. Nikaikuza ile picha hadi ikaanza kuvunjikavunjika nione ana viatu gani. Raba nyeupe, lakini raba ambayo haijawahi kukutana na tope. Kwa hiyo sare hawana, ila kila mtu pale anajua mpaka wake ulipo. Mpaka huo ndio sikuandikiwa kwenye baruapepe.

Nyumbani nako hakuna suluhu. Mke wangu anasema nivae suti, yamekwisha. "Nani amewahi kunyimwa kazi kwa kosa la kupendeza?" Mdogo wangu, ambaye amekulia kwenye ofisi za namna hiyo, anacheka. "Kaka, ukiingia na tai watafunga kompyuta wakidhani mkaguzi kaja." Utani huo ningeuacha upite, lakini akaongeza neno lililonichoma: kwamba wameshaniambia hawavai suti, nikija nayo wataona mtu asiyesoma maelekezo. Kwa mhasibu, hiyo ni sifa mbaya kuliko shati lisilopigwa pasi. Halafu akanitupia methali ya nchi ya chongo. Nikamwambia nchi yenyewe bado hawajanipa uraia.

Na hapo ndipo penye utata wangu. Yule wa kandambili tayari ni wao. Wanaijua kazi yake, wala hawaitazami miguu yake. Mimi watanitazama kwa saa nzima wakiwa hawana kingine cha kunipimia ila maneno yangu na nilichovaa. Mdogo wangu hunipigia mfano wa Mark Zuckerberg, mwanzilishi wa Facebook, aliyekwenda New York kuonana na wawekezaji mwaka 2012, kampuni yake ikijiandaa kuingia soko la hisa, akiwa na sweta lake la kofia. Sawa, lakini yule alikuwa mwenye mali, na bado mchambuzi mmoja wa hisa alisema hadharani kwamba ile ni dalili ya kutopevuka. Tena mwaka 2018, zamu ilipofika ya yeye kuketishwa na kuulizwa maswali na Bunge la Marekani, alivaa nini? Suti na tai! Mdogo wangu hajanijibu hadi leo.

Najua dunia imelegea, sibishani na hilo. IBM, kampuni kongwe ya kompyuta, waliosifika kwa suti za rangi ya giza na mashati meupe, walilegeza masharti mwaka 1995. Goldman Sachs, benki kabisa, wakafuata mwaka 2019. Ila hata waraka wa hao Goldman uliwakumbusha wafanyakazi kwamba mavazi ya kawaida hayafai kila siku wala kila kikao, kisha ukawaachia watumie busara zao. Mtu aliyemo ndani anaweza kuambiwa hivyo. Mimi niliye mlangoni busara hiyo naitoa wapi?

Nimejaribu mbele ya kioo. Koti la suti juu ya jinzi ndilo wazo la kwanza linalomjia kila mtu, na halifai, angalau la kwangu. Kitambaa chake kina mng'ao, mabega yake yamejazwa, na chini jinzi ngumu. Yaani mtu anaona wazi kwamba suruali yake imebaki kwenye hanga. Nikahamia kwenye suruali ya kaki, shati la bluu la mikono mirefu bila tai, na viatu vya ngozi vya kutumbukiza. Hapo pana nafuu. Tatizo ni shati. Mashati yangu yote yameshonwa ya kuchomekea, mikia yake inafika mapajani, nikiliachia nje nafanana na mtu aliyeamshwa usiku. Nikichomekea na kukaza mkanda, nakuwa mwalimu wa zamu. Kununua jinzi na raba mpya kwa ajili ya siku hiyo moja sitaki, maana nguo mpya isiyozoeleka huonekana tangu mtu anavyokaa, na wale vijana wengi wao nawazidi umri. Sitaki wadhani najitia ujana.

Kila niliyemuuliza ananiambia "vaa ngazi moja juu yao." Juu ya nani, Shangazi? Kutoka kwenye kandambili hadi kwenye ile blezi ni ngazi ngapi? Nikipanda moja juu ya mama wa fedha nimerudi kwenye suti. Na wameshaniambia kwamba baada ya usaili nitazungushwa kuonana na timu nzima, kwa hiyo nguo hiyohiyo itapita mbele ya wote wawili siku hiyohiyo.

Nimefikiria pia kumwandikia ofisa aliyenitumia mwaliko nimuulize kwa mstari mmoja tu wasailiwa huwa wanavaaje. Mke wangu anasema mtu mzima haulizi nguo, nitaonekana sijiwezi. Mimi naona kuuliza ni bora kuliko kubahatisha, lakini nimeiandika barua hiyo nikaifuta.

Naomba usinijibu kwamba nivae kinachonipa kujiamini, maana jibu hilo linanirudisha kwenye tai. Niambie mambo haya tu: nimwandikie yule ofisa au ninyamaze? Shati nichomekee au nitafute la kuachia nje? Na blezi isiyo ya suti, naweza kuazima moja kwa shemeji yangu, niingie nimeivaa au nimeishika mkononi hadi nione wenyewe wamevaaje?

Wako,
Mhasibu wa Bima