Likizo ya Desemba itumike kufundisha gofu

Mhariri,

Taarifa za kufunga mwaka za wachezaji gofu wa kulipwa nchini Kenya hutawaliwa na washindi wa mashindano ya hapa nchini na nafasi za kuingia Kenya Open, mashindano ya kimataifa ya gofu yanayofanyika Kenya. Si vibaya. Ningependa kusoma pia ni vijana wangapi waliofundishwa mwaka huo.

Kenya Open ilianza 1967, na mwaka 2019 ikaingia ratiba ya European Tour, mfululizo mkuu wa mashindano ya gofu ya Ulaya, lakini bado hakuna Mkenya aliyeitwaa. Jacob Okello aliikaribia mwaka 1998, akashindwa katika mashimo ya ziada yanayochezwa wachezaji wakitoka sare. Wengi wa wachezaji wetu walianza kwa kubeba mifuko ya vijiti vya wengine, wakajifunza kwa kutazama. Vipaji vya namna hiyo huibuka kwa bahati tu, na ada za klabu huwafungia nje vijana wengi.

Chama cha wachezaji gofu wa kulipwa kizungumze na klabu zifungue viwanja vya mazoezi asubuhi za siku za kazi wakati wa likizo ya Desemba. Wanachama wafundishe, wadhamini wawalipe. Idadi ya waliofundishwa itangulie orodha ya zawadi katika taarifa ijayo.

Mpenzi wa gofu,
Nakuru