Barua ya wazi kwa madiwani vijana: kabla hamjaongelea ubunge

Wajukuu zangu, shikamoo zenu nimezipata, marahaba. Nasikia mmeapishwa juzi tu na nusu yenu mshaanza kuulizia ubunge. Mi babu yenu nilikaa udiwani vipindi viwili, ebu kaeni niwape habari za meya mmoja wa Uingereza enzi za malkia Victoria, Joseph Chamberlain wa Birmingham.

Jamaa shule aliacha na miaka 16, alipofika 18 akapelekwa Birmingham kwenye kiwanda cha skrubu cha mume wa shangazi yake, akatajirika, alafu 1873 akawa meya. Umeya wenyewe kama miaka mitatu tu. Gesi ya mji ilikuwa ya kampuni mbili za watu binafsi, akaishawishi halmashauri ikope inunue zote, faida ikawa inaingia kwenye mfuko wa mji, na jumba la sanaa lililofunguliwa 1885 ni kamati ya gesi ndo ililijenga. Maji nayo wakayanunua, maana watu walikuwa wanakunywa visima vilivyoingia uchafu. Sasa hapa ndo nilipompendea, gesi alitaka ilete faida lakini maji alikataa, maji ni afya ya watu bwana, sio biashara.

Msidhani namsifia tu. Alibomoa mitaa ya maskini katikati ya mji ipite Corporation Street, maduka yakapendeza kweli, ila waliobomolewa wengi hawakujengewa kitu, wakaenda kubanana kwingine. Mkipelekewa ramani ya stendi mpya ulizeni mama ntilie wanahamia wapi. Mi sikuuliza, na mpaka leo kuna nyumba mtaani kwetu salamu yangu hawaitikii.

Baadae akaenda ubunge na uwaziri, 1886 akakosana na Gladstone, waziri mkuu na kiongozi wa chama chao cha Liberal, kwa mambo ya Ireland kupewa bunge lake, chama kikapasuka, 1895 akawa waziri wa makoloni, vita vya Makaburu vikapiganwa yeye akiwa palepale. Hata Mombasa alifika, 1902, akapanda treni ya reli ya Uganda, na mwaka uliofuata serikali yao ikawa inataka kuwapa Wayahudi ardhi ya Uasin Gishu, Kenya ya leo, utadhani haina wenyewe! Uwaziri mkuu hakuupata, akaja kuupata mwanae Neville.

Haya, kikao chenu cha bajeti kinakuja. Anzeni na bei ya ndoo ya maji pale kioski, posho mtaijadili jioni.

Babu yenu, diwani mstaafu